Masanduku Hayashuki

Mariamu, mama yangu,

Jibu ni hapana.

Nimeona nianze na hilo, usije ukasoma ukurasa mzima ukitafuta nimelificha wapi. Jana tukila uliweka kijiko chini, ukanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mbishi, ukasema, "Baba, yashushe tu. Ni maua." Mama yako akainamia bakuli lake. Mimi nikajifanya nimekwamwa na mwiba, ingawa wote watatu tulijua hatukuwa na samaki.

Sasa umekwenda kwa shangazi yako kuaga, nyumba imetulia, nami nimeigeuza cherehani ya barazani kuwa meza. Naandika kabla jua halijazama. Mambo ya kuchemsha maji, kutia komeo mlangoni na kujihadhari na vijana wa Handeni wenye maneno matamu, hayo mama yako amekwisha kuyasema, na asubuhi atayarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mimi nina jambo moja tu: masanduku matatu ya maua, yaliyotundikwa kwenye madirisha matatu ya nyumba isiyo yetu.

Kwanza niipange hoja yako, maana jana ulikuwa na hasira ukairukaruka. Baba Hamza, mwenye nyumba wetu, amepata watu wa kampuni. Watapaka ukuta wote wa mbele rangi yao na kuandika jina lao kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara, kwa kuwa kila anayekwenda stendi lazima apite hapa. Wanataka mbele kuwe kutupu. Fundi wa rangi anakuja kesho, asubuhi ile ile unayoondoka wewe. Masanduku yasipokuwa yameshuka, Baba Hamza kasema tutafute nyumba nyingine. Nawe hutaki kuanza kazi kwenye duka la dawa la watu, ukihesabu vidonge huku moyo uko Manundu, ukiwaona wazazi wako wamekaa juu ya magodoro kando ya lami, na baba kakumbatia ua.

Hoja nzuri. Haina tundu hata moja. Na mimi, kama unavyojua, nina historia mbaya na vitu visivyo na tundu.

Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza shule nilipopata wazimu huu. Nyumba haina ua. Mbele baraza na barabara, nyuma choo na ukuta wa jirani. Anayetaka kupanda kitu hapa lazima akitundike. Nikawaza, mimi ni fundi cherehani, napima mabega ya watu na viuno vya watu, dirisha litanishinda vipi? Halipumui, halijikuni, wala halidanganyi kwamba limepungua. Nikalipima kwa futi yangu ya shingoni. Mbao sikuwa na uwezo nazo, lakini babu yako alikuwa ameniachia urithi mmoja, kuujua mkonge. Mkonge ukizeeka huchomoza mti mmoja mrefu katikati, huchanua mara moja, ukafa. Ule mti ukikauka ni mwepesi kama mkate wa juzi. Watu wa Makuyuni huujengea mabanda ya mbuzi. Nikaupasua, nikaufunga kwa kamba za katani, nikaupaka oili chafu kwa nje mchwa wasije wakafanya karamu. Likatoka sanduku. Limepinda kidogo, kama mimi nikisimama kupigwa picha, lakini sanduku.

Ndani nikashona mfuko wa salfeti. Mshono mara mbili, kama suruali ya askari. Niliuonea fahari mshono ule, nikamwita mama yako aje amwage maji aone kama litatoka tone. Halikutoka. Nikaujaza udongo mweusi wa kwenye majaruba ya mpunga, ule unaonata hata kwenye nia ya mtu, maana niliambiwa unastawisha. Masika yakaja. Sanduku likanywa, likashiba, likaendelea kunywa. Siku moja nikasikia misumari inalia, na sanduku likashuka lenyewe, bila amri ya mwenye nyumba, juu ya gauni jeupe la kipaimara nililokuwa nimelianika nipige pasi. Nikashona jingine bure. Yule mama wa gauni mpaka leo akipita huangalia dirisha kwanza, kisha ndipo anisalimie.

Tangu siku ile kila mfuko nautoboa chini na kuyapigia uzi matundu yake, kama matundu ya vifungo, juu yake natandaza chenga za mkaa, maji yapite. Mshono usiopitisha kitu ni wa suruali, mama. Kinachoishi kinataka pa kutokea. Nawe nilitaka kukushona hivyo hivyo, bila tundu. Uliposema unataka kwenda kusomea mambo ya dawa, unakumbuka nilivyokaza? Nilisema hapa Korogwe kuna kila kitu. Kila kitu! Mama yako ndiye aliyetoboa tundu. Mimi nilisimama pembeni nikinung'unika, kisha nikajisifu kwa wateja kwamba wazo lilikuwa langu.

Mara ya pili nilikuwa nimeshapata akili, akili kidogo, na hiyo ndiyo ya hatari. Nikaenda korona, pale majani ya mkonge yanaposagwa kutolewa nyuzi, nikabeba gunia la mabaki mabichi, kwa sababu babu yako alikuwa akisema hakuna mbolea kama ile. Alisahau kuniambia, au mimi nilisahau kusikia, kwamba lazima kwanza yakae mpaka yaoze na kuwa meusi. Mabichi ni moto na mwasho. Miche yote iliungua, na harufu ikakaa barazani kama mgeni asiyeaga. Mteja aliyekuja kupimwa suti alishika pua kwa mkono mmoja na kujikuna kwa mwingine. Nikapima mabega yasiyotulia, na koti lile likatoka na mikono miwili isiyofahamiana.

Nakuambia haya ucheke, lakini usidhani nakuambia ili ucheke tu. Uliniuliza jana, bila kuuliza, kwa nini mtu mzima ashindane na mwenye nyumba kwa kitu kilichomwaibisha mara mbili. Basi njoo kwenye mara ya tatu.

Mara ya tatu nilipanda yale maua ya rangi ya waridi yenye petali tano, yanayojiotea makaburini hata kiangazi. Hayataki kubembelezwa. Ukiyasahau yanakusamehe. Niliyapanda matatu matatu, yakatulia, yakachanua, na asubuhi ya tatu au ya nne bibi wa nyumba ya pili akaja amejifunga khanga kiunoni, kabeba mkeka kwapani, uso umeinama.

Nikasema shikamoo, akaitika, akakaa chini, akashusha pumzi. "Mwanangu," akasema, "ni nani?"

Nikamwambia nani nini, bibi.

"Aliyefariki. Nimeona maua."

Ilinichukua kikombe kizima cha chai kumwaminisha kwamba sote tu wazima. Hakupenda. Alisema maua yale hayaletwi nyumbani, yanaita. Niliposema hapana, bibi, haya yanakaa, aliukunja mkeka wake kwa masikitiko ya mtu aliyepotezewa muda. Tangu hapo kila asubuhi akipita huuliza kwa mbali, "Hajafa mtu?" nami hujibu, "Bado, bibi." Watoto wa mtaa wanadhani ndiyo salamu yetu. Pengine ndiyo.

Sikumwambia bibi yule kwa nini maua yale na si mengine. Nawe sijakuambia. Niliona ni habari ndogo, habari ya kopo.

Nimekulia kambini, kwenye shamba la mkonge, hilo unalijua. Unalijua kama jina la mahali. Zilikuwa nyumba zimepangwa mstari, zote chokaa nyeupe, mlango mmoja, dirisha moja, namba ukutani. Ukirudi umelewa ungeweza kulala kwa mwenzio mpaka asubuhi, na wapo waliofanya hivyo na wakasema ni kwa sababu ya ulevi. Maua yalikuwa kwa meneja tu. Sisi watoto tulikuwa tukiyaona kupitia uzio, tukifukuzwa.

Bibi yako, huyu uliyepewa jina lake, alikwenda kumzika jirani akarudi na mche ndani ya upindo wa khanga. Akaupanda kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia, akaliweka juu ya kizingiti cha dirisha. Wanawake wenzake wakamwambia hayo hayo ya bibi wa nyumba ya pili, kwamba ni maua ya wafu. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Kama maiti wanapata maua, sisi tulio hai tumekosa nini?" Akaendelea kupepeta mchele.

Likachanua. Kopo moja, kwenye mstari mzima wa nyumba. Nikawa sihitaji kusoma namba kujua kwetu.

Kisha nyapara akapita. Hakugomba, alikuwa mtu mpole kwa kadiri manyapara wanavyokuwa wapole. Alimwambia baba tu kwamba nyumba zote zinatakiwa zifanane, wakubwa wanakuja kukagua, na kuna watu wengi wanaosubiri nyumba. Jioni ile baba alilishusha kopo. Alilibeba kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyombeba mtoto aliyelala, akalipeleka nyuma ya vyoo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga, akiangalia dirisha.

Miaka yote nimemlaumu baba kwa kopo lile, na miaka yote nimekosea. Aliogopa tutolewe nje. Alikuwa na watoto, mke, na nyumba yenye namba. Alilishusha kwa mapenzi, kama wewe jana ulivyotaka niyashushe kwa mapenzi. Simcheki, na wewe sikucheki. Ila nimeona mapenzi ya namna ile yanavyomwacha mtu mlangoni akiangalia dirisha tupu. Ukuta ule ulibaki mweupe, wakaguzi wakaja, wakaenda zao, sidhani kama hata waligeuza shingo. Na sisi tukarudi kuhesabu milango tujue kwetu ni wapi.

Kwa hiyo juzi Baba Hamza alipokuja sikumsikia yeye peke yake. Masikini, yeye hana habari na nyapara wangu. Ni mtu mwema, amenivumilia miezi ambayo wateja walikuwa wanaoa kidogo. Alikaa hapa barazani, akanywa maji, akaniambia ukuta wenye maua hausomeki. Nikamwambia ukuta ni wake, apake hata michirizi ya pundamilia, nitayahamisha masanduku yasiuguse. Akasema wanataka na madirisha. Mbele yote, fundi, mbele yote. Tukazunguka hapo hapo kama ng'ombe wa kinu. Mwisho akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Fundi, hivi hayo maua yanakulisha?"

"Hayanilishi, Baba Hamza," nikasema. "Nayalisha mimi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema tutaonana siku ya rangi.

Nimeshinda leo nikifanya kazi. Wewe ulidhani nashona mashuka yako. Mashuka kamalizia mama yako. Nimeng'oa kila msumari niliopigilia kwenye ukuta wa Baba Hamza, nikaziba matundu kwa saruji, nikasugua mpaka pakawa laini kuliko alivyotupangisha. Masanduku nimeyahamishia kwenye nondo. Nondo zile, kama umesahau, niliziweka mimi baada ya mwizi kuondoka na vitambaa vya suti za harusi, na Baba Hamza mwenyewe alikubali siku ile, mbele ya fundi wa kuchomelea, kwamba tukihama tunahama nazo. Ukuta wake hauna changu tena hata ukucha. Kesho akija nitampa ufunguo wa ukuta, kama ukuta una ufunguo, na nitakaa kwenye cherehani yangu chini ya nondo zangu.

Akisema bado tutoke? Tutatoka, mama. Nakuambia kweli, leo nisikudanganye. Nimezungumza na mama yako kabla ya kukujibu wewe, na kabla Baba Hamza hajarudi. Nilidhani atanipiga kwa mwiko. Akasema kama ni kuhama tuhame, ila kwenye sanduku la jikoni hagusi mtu, maana vitunguu majani na mrehani ni vyake. Unajua kwamba kila mara ninapopanda ua, yeye huchomeka kitunguu pembeni nikigeuka? Nilikuwa nikikasirika. Siku hizi naacha nafasi. Na masanduku ni mepesi, yale ni mkonge. Tutabeba moja kichwani, jingine mkononi, watu watajua kwa mbali kwamba ni sisi tunaohama. Baba yangu hakuwa na pa kwenda na kopo lake. Mimi nina cherehani, nina mke mwenye vitunguu, na Manundu ina madirisha mengi.

Sasa Handeni. Tulipokwenda kukitazama kile chumba chako nilinyamaza, ukadhani sikukipenda. Nilikuwa nalipima dirisha kwa macho. Linaangalia magharibi, jua la alasiri litakuchoma, na vumbi la gereji litakuingilia mpaka kwenye chai. Maji huko ni ya kununua, si ya kumwaga. Mama mwenye nyumba alisema hataki misumari ukutani kwake, ukaitika "sawa, mama" haraka haraka kama mwanafunzi. Ulifanya vyema, usipigilie. Dirisha lile lina nondo.

Usipande kitu kirefu. Mimi nilifanya kosa hilo hapa, nikaziba mwanga, nikashona kola ya padri juu chini, akaivaa ibada nzima kwa unyenyekevu. Weka vifupi vinavyofurika nje, wewe ubaki na mwanga wako. Maji uliyooshea mchele yanatosha. Maua yakikauka usikate tamaa siku ile ile, ngoja. Na watakucheka. Yatakuja maneno kwamba binti wa duka la dawa analeta maua ya makaburini, hivi dawa zake zina nini. Cheka nao, uwapimie dawa zao sawasawa, na usilishushe sanduku. Atakayekuja kukuambia kwa upole kwamba nyumba zote zinatakiwa zifanane, msikilize mpaka mwisho, mwitikie kwa heshima, mpe maji ya kunywa. Ng'oa misumari yako kwenye ukuta wake kama ipo. Kisha kaa.

Ukirudi kutoka kwa shangazi yako utaona kitu pale barabarani kabla hujafika mlangoni, na maelezo yake ni haya. Madirisha mawili yana maua. La chumba chako liko wazi.

Sanduku lile nimelishusha. Ndilo hilo lililoegemea begi lako, limefungwa khanga kuukuu ya mama yako, udongo nimeulowanisha kidogo tu usikuchuruzikie njiani. Kamba za kufungia kwenye nondo nimezisuka leo, ndefu kuliko zinavyohitajika, maana mimi sijawahi kukata kitu kikawa sawa mara ya kwanza. Utaona aibu kulibeba. Libebe na aibu yako, si nzito.

Kesho Baba Hamza akiliona dirisha lile tupu atadhani nimeanza kulegea. Mwache afurahi kidogo. Bibi wa nyumba ya pili naye atapita, atauliza kama hajafa mtu, nami nitamwambia ameondoka mmoja, mzima, na maua kaondoka nayo.

Wewe ukishapanda gari, usigeuke kutazama nyuma, mama yako hatavumilia. Ila jua kwamba nyuma ya mlango kuna miti ya mkonge niliyokwisha kuipasua, na mfuko nimekwisha kuushona, na matundu yake nimeyapigia uzi. Kabla fundi wa rangi hajafungua ndoo yake, dirisha lako litakuwa na sanduku.

Baba yako,
fundi wa Manundu, anayeshona vizuri na kupigilia vibaya